Kujifungua wakati wa vita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hospitali za uzazi za Kivu

Nimeandika ukurasa huu kwa ajili ya watu wanaouliza kila habari za mashariki mwa Congo zinapopamba moto: ndugu walio Kigoma na Bujumbura, wanafunzi wa uuguzi na ukunga, Wacongo walio Ulaya na Marekani ambao wanataka kutuma chochote nyumbani lakini hawajui kipi kinafika na kipi kinapotelea njiani. Nimejikita Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Huko vita na umaskini vimeishi nyumba moja kwa karibu miaka 30, na huko pia wapo wakunga ambao hawajafunga wodi hata siku moja.

Watu wanakufa kwa risasi na mabomu. Mbona mnazungumzia uzazi?

Kwa sababu mimba haingoji mkataba wa amani. Mji ukikimbiwa asubuhi, wapo wanawake watakaoshikwa na uchungu usiku uleule, njiani, kanisani walikojihifadhi au chini ya turubai. Katika kila wajawazito 100, wapatao 15 hupata tatizo linalohitaji hospitali. Hayo ni maumbile ya binadamu popote alipo. Lakini penye utulivu hospitali iko karibu na gari lipo, na Masisi, Kivu ya Kaskazini, barabara ina vizuizi vya wenye silaha.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 duniani walifariki kwa sababu za ujauzito na uzazi, na zaidi ya nusu yao walikuwa katika nchi zenye vita au zilizoyumba. Katika nchi zenye vita, wanafariki akina mama 504 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Katika nchi zilizotulia ni 99. Congo peke yake ilikadiriwa kupoteza akina mama 19,000 mwaka huo mmoja. Hakuna anayewaandika kwenye orodha ya waliouawa vitani, na mimi naamini wengi wao wangestahili kuandikwa.

Ni nini hasa kinachowaua?

Vilevile vinavyoua mahali pengine: kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, kifafa cha mimba, maambukizi, uzazi pingamizi (mtoto kukwama njiani asitoke), na mimba zinazotolewa kwa njia za hatari. Yote haya yana tiba inayojulikana, na nyingine ni ya bei ndogo. Vita haileti ugonjwa mpya, inakula muda.

Wataalamu wa uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Katika Kivu kila hatua hurefushwa. Mume yuko machimboni au amekimbia, kwa hiyo uamuzi unamngoja mama mkwe au shemeji. Pesa hakuna, na jirani amesimulia jinsi alivyoshikiliwa hospitalini kwa deni. Saa za kutotembea usiku zimetangazwa. Vijana wanne wanambeba mgonjwa kwa kipoyi, yaani machela, kushuka mlima hadi kwenye barabara, hapo anasubiriwa motari, dereva wa pikipiki, aliye tayari kupita vizuizi, na kila kizuizi kinadai chake. Shabunda, Kivu ya Kusini, mambo ni magumu zaidi: mvua ikinyesha, barabara haipo kabisa, na eneo kubwa linategemea ndege ndogo. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Hesabu zenyewe hazikubali.

Hospitali ya Panzi ilianzishwa kwa ajili ya waliobakwa, siyo?

Wengi wanaamini hivyo. Kwa kweli ilikusudiwa kuwa hospitali ya uzazi.

Dkt. Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, alisomea udaktari Bujumbura na kuanza kazi katika hospitali ya Lemera, milimani Kivu ya Kusini. Huko aliwaona wanawake wakiletwa baada ya siku kadhaa za uchungu, wengine wakiwa tayari wamepata fistula, tundu linalovujisha mkojo au kinyesi bila kujizuia, wengine wakifia mlangoni. Ndiyo sababu alikwenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, kisha akarudi Lemera. Oktoba 1996 hospitali ile ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wahudumu. Mwaka 1999 alianza upya katika mtaa wa Panzi, Bukavu, chini ya jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste ya CEPAC, ili wanawake wa upande ule wa mji wapate mahali pa kujifungulia na kufanyiwa upasuaji. Mgonjwa wa kwanza kufanyiwa upasuaji hakuja kujifungua. Alikuwa amebakwa na kupigwa risasi. Waliomfuata walikuwa wengi, na hospitali ikabeba kazi mbili ambazo imezibeba mpaka leo. Mwaka 2018 Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraq.

Jambo moja katika historia hiyo linanigusa kuliko Nobel yenyewe. Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba yake, akakimbilia nje ya nchi pamoja na familia. Wanawake waliowahi kutibiwa, wengi wao maskini wa kutupwa, wakauza mananasi na vitunguu ili wachange nauli ya kumrudisha. Januari 2013 alirudi, wakampokea njiani kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu. Hospitali iliyofikia hapo imeshakuwa mali ya watu.

Kazi hizo mbili, uzazi na matibabu ya waliobakwa, zinakwenda vizuri pamoja. Mwanamke anayeingia mlango wa wodi ya uzazi hatambuliwi na mtu yeyote mtaani kwamba amekuja kwa nini. Na muda hapa pia ni mali: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na za dharura za kuzuia mimba ndani ya siku 5.

Ni vitu gani vinavyofanya jengo liwe hospitali ya uzazi?

Kipimo kinachotumika kimataifa hakihesabu vitanda. Kinauliza unaweza kufanya nini. Kituo cha msingi kiweze kutoa antibayotiki kwa sindano, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba, kutoa kondo kwa mkono, kusafisha mabaki, kumsaidia mama kwa vifaa mtoto anapokwama, na kumzindua mtoto asiyepumua. Hospitali kamili inaongeza mawili: upasuaji na kuongeza damu. Kwa kila watu 500,000 pawe na vituo visivyopungua 5 vya aina hii, kimoja kiwe cha upasuaji na damu.

Ukisoma orodha hiyo polepole utaona kwamba karibu yote ni mikono ya mkunga aliyefundishwa vizuri, pamoja na kabati la dawa. Majengo ya kupendeza yaliyofunguliwa kwa utepe na kukaa bila mtaalamu wa dawa za usingizi hayamsaidii mwanamke mwenye uzazi pingamizi. Ndivyo ninavyoona, na huwa sichoki kulisema kila ninaposikia mfadhili anataka kujenga jengo jingine.

Umeme ukikatika, inakuwaje?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu swali linaonekana dogo na majibu yake ndiyo yanayoamua nani anaamka kesho.

Mtoto akishatoka, ndani ya dakika moja mkunga anamchoma mama sindano ya oksitosini, uniti 10, pajani. Dawa hiyo inaufanya mfuko wa uzazi ujikaze na kufunga mishipa iliyokuwa ikilisha kondo. Inakaa katika kichupa kidogo cha kioo, na kichupa kinatakiwa kikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Umeme wa Bukavu au Goma ukikatika siku tatu na mafuta ya jenereta yakawa yameisha, friji inapata joto. Dawa iliyoharibika kwa joto haibadiliki rangi wala harufu. Mkunga anakishika kichupa kilekile, anaivuta dawa, anachoma, anaweka mkono juu ya tumbo la mama kusikiliza kama mfuko unakuwa mgumu kama inavyotakiwa. Unabaki laini. Damu inaendelea. Hajakosea hatua hata moja.

Habari njema ni kwamba zipo njia za kupita. Ipo kabetosini isiyoharibika kwa joto. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, wa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10 zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kuwa inazuia damu sawasawa na oksitosini iliyotunzwa vizuri. Vipo vidonge vya misoprosto, ambavyo havihitaji friji wala sindano. Ipo asidi ya traneksamiki, inayosaidia damu igande, mradi itolewe ndani ya saa 3. Kuna pia kifaa ambacho hakina teknolojia yoyote: karatasi ya plastiki inayowekwa chini ya mama baada ya kujifungua, yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo, ili mkunga aione damu ilipofikia badala ya kukisia kwa kuangalia kitenge kilicholoa. Utafiti uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukachapishwa 2023, ulionyesha kuwa mfuko huo ukitumiwa pamoja na matibabu yote kutolewa kwa mkupuo, visa vya kuvuja damu kupita kiasi vilipungua kwa asilimia 60.

Kuhusu umeme wenyewe, sola ndiyo jibu la kudumu. Dizeli hupanda bei siku ileile barabara inapofungwa, na hospitali haiwezi kuchagua kati ya taa ya chumba cha upasuaji na mashine ya oksijeni ya watoto. Paneli za juu ya bati hazisubiri lori.

Damu ya kuongezea akina mama inatoka wapi?

Kwa jamaa wa mgonjwa, mara nyingi. Mama anavuja, na mume au dada anatumwa maabara kupimwa kundi. Kisha damu yake ipimwe VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Vipimo vikiwa vimeisha kabatini, daktari anabaki na uamuzi ambao hakuna chuo kinachomfundisha mtu kuuchukua: kuongeza damu isiyopimwa au kumwacha mama aendelee kuvuja. Wakimbizi wa ndani wana taabu zaidi kwa kuwa jamaa wametawanyika na waliopo wana njaa na malaria. Akina mama wenyewe huingia leba wakiwa na upungufu wa damu tayari, kwa hiyo kiasi ambacho mwanamke mwenye afya angekivumilia, wao kinawaangusha.

Damu hukaa kwenye friji siku 35 tu, kwa hiyo haiwekwi akiba kama mchele. Kinachosaidia ni wachangiaji wa kujirudia: wanakwaya, wanafunzi wa vyuo, vyama vya motari. Watu walio ndani ya mji. Msaada huu hauwezi kutumwa kutoka Brussels.

Ni kweli mama anaweza kuzuiliwa hospitalini kwa sababu hajalipa?

Ni kweli. Katika hospitali nyingi za Congo, za serikali na za kanisa, hutoki getini bila karatasi ya ruhusa, na karatasi hutolewa baada ya kulipa. Aliyefanyiwa upasuaji hana namna. Anaondolewa kitandani kumpisha mwingine, anahamia kwenye mkeka pembeni ya wodi au chumba cha nyuma pamoja na kichanga chake, wiki zinapita, ndugu wanauza mbuzi, wanauza shamba. Chakula analetewa na wagonjwa wenzake. Wengine hutoroka usiku kidonda hakijapona.

Madhara hayaishii kwake. Kila mwanamke aliyemwona amelala pale anarudi kijijini na habari, na mwezi unaofuata mwenzake anaamua kuzalia nyumbani. Ndiyo maana naona kuwashikilia akina mama ni kosa la kitabibu kabla ya kuwa kosa la haki za binadamu.

Lakini tusiwatukane wakurugenzi wa hospitali bila kuangalia vitabu vyao. Nyingi hazipati ruzuku yoyote ya maana. Glovu, nyuzi za kushonea, dizeli na posho za usiku vyote vinatoka kwenye yale malipo.

Serikali ya Congo ilizindua mpango wa kujifungua bila malipo Septemba 2023, ikianzia Kinshasa na kuuendeleza mikoani. Ni hatua kubwa, na wanawake wengi wamefaidika. Mpango wa namna hii unasimama juu ya jambo moja: serikali kuirudishia hospitali gharama kwa wakati. Penye vita, mahali ambapo fedha za serikali hazifiki na aliyeshika mji ni mwingine, bure inabaki kwenye karatasi. Njia nyingine zinazotumika ni mituele za afya, ambapo familia huchanga kidogo kila mwaka, na bei moja kwa wote, yaani mama analipa kiasi kilekile kinachojulikana hata kama uzazi utageuka kuwa upasuaji. Hiyo ya pili naipenda. Mwanamke maskini anaweza kujiwekea akiba kwa bei anayoijua. Asichoweza ni kujiandaa kwa bei asiyoijua.

Ikiwa huduma ni bure, wakunga wanakula nini?

Swali hili ndilo ningependa kila mfadhili aanze nalo.

Wakunga na wauguzi wengi wa Congo hawamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, ingawa wamesoma, wameajiriwa na wanavaa koti jeupe kila siku. Waliomo wanapata kidogo, na kwa kuchelewa. Kipato chao cha kweli ni fungu la malipo ya wagonjwa yanayogawanywa mwisho wa mwezi. Ukitangaza bure leo bila kuweka fedha nyingine mahali pa zile, umewaambia wafanye kazi maradufu kwa mshahara wa sifuri. Watabaki kwa muda, kwa imani na kwa huruma. Halafu mmoja atafungua duka la dawa, mwingine atavuka mpaka, na atakayebaki zamu ya usiku ni mwanafunzi.

Madaktari Wasio na Mipaka, ambao wamesaidia hospitali za Rutshuru na Masisi kwa miaka mingi, huwalipa posho wahudumu wa serikali pale pale wanapofanya kazi, dawa wanaleta wao, na mgonjwa halipi. Wanawake hujaa. Mfumo unafanya kazi mradi fedha zipo, na udhaifu wake ni huohuo. Mwaka 2024 Marekani ilitoa karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu kwa Congo. Mapema 2025 ikazikata ghafla, wiki zilezile ambazo waasi wa M23 walikuwa wanaingia Goma na kisha Bukavu. Mabenki ya Goma yakafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Hata mwenye mshahara kwenye akaunti hakuwa na pa kuuchukulia, watu wakategemea pesa za simu na mawakala wanaokata asilimia kubwa. Wakunga waliendelea kuzalisha.

Wakunga wa jadi wapigwe marufuku?

Hapana. Wapewe kazi nyingine. Mama wa kijijini anayeaminiwa na wote ndiye anayeweza kumshawishi mama mkwe usiku wa manane, na ndiye anayejua nani ana mimba ya miezi minane anayeificha. Aheshimiwe, awe msindikizaji, apokelewe wodini kwa jina lake, apewe posho kwa kila mama anayemfikisha. Wanaofukuzwa hurudi kuzalisha kwa siri, na hapo ndipo hatari ilipo.

Je, sheria haizilindi hospitali?

Inazilinda, na kwa maneno yasiyo na utata. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949 unawataja wajawazito waziwazi miongoni mwa wanaostahili ulinzi maalumu, na unakataza kuzishambulia hospitali za raia. Itifaki ya nyongeza ya 1977 inawaweka wanawake wanaojifungua na watoto wachanga katika kundi moja na majeruhi na wagonjwa. Mwaka 2016 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2286 kulaani mashambulizi dhidi ya huduma za afya.

Halafu tazama. Kabul, Mei 2020: watu wenye bunduki waliingia wodi ya uzazi ya Dasht-e-Barchi, wakaua watu 24, wengi wao akina mama waliokuwa vitandani. Mariupol, Machi 2022: bomu likapiga hospitali ya uzazi. Goma, Januari 2025: makombora yakaangukia hospitali ya Charité Maternelle, watoto wachanga na wajawazito wakiwa miongoni mwa walioathirika. El Fasher, Sudan, mwezi huohuo: watu wapatao 70 wakauawa hospitali ya uzazi ya Saudia.

Sheria isiyoadhibu mtu haimzuii mtu. Hata hivyo wahudumu walio mstari wa mbele wana mambo wanayofanya, na yanaokoa maisha: alama kubwa juu ya paa, eneo la hospitali kupelekwa kwa maandishi kwa kila upande wenye silaha, bango la bunduki iliyokatwa mstari mwekundu mlangoni na mlinzi anayelisimamia hata kwa kanali, na mke wa mpiganaji wa upande wowote kuzalishwa bila kuulizwa mumewe ni nani. Hilo la mwisho lina uzito. Hospitali ikijulikana kuwa ya upande mmoja, upande mwingine hautasahau.

Watoto njiti wanaishi?

Wengi, ndiyo, hata bila mashine za kisasa. Mtoto anafungwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, ananyonyeshwa au anapewa maziwa ya mama kwa kikombe. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, miaka ya 1970 kwa sababu vitanda vya joto havikutosha, na sasa inapendekezwa hata kwenye hospitali tajiri. Mama akizidiwa, baba au bibi anaweza kumbeba. Wanaohitaji oksijeni ndio walio hatarini zaidi, na tumeshazungumzia umeme.

Aliyevuka mpaka anapata huduma?

Kwa kanuni, ndiyo. Kambi ya Nyarugusu, Kigoma, iliyofunguliwa 1996, ina hospitali yake na imezalisha kizazi kizima cha Wacongo na baadaye Warundi. Februari 2025 makumi ya maelfu walivuka mto Rusizi kuingia Burundi, wengi wakaishia uwanja wa mpira wa Rugombo, ambako hata vyoo havikutosha. Ukiwa upande wa Tanzania na mjamzito amezidiwa, namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bila malipo, na gari la wagonjwa au dereva wa jamii hutumwa.

Kuna mfano wa nje ya Congo wa kujifunza?

Hargeisa, Somaliland. Edna Adan Ismail, mkunga, alirudi katika mji uliopigwa mabomu mwaka 1988 na kuachwa magofu, akatumia kiinua mgongo chake cha Umoja wa Mataifa na akiba yake kujenga hospitali ya uzazi, iliyofunguliwa 2002. Kabla jengo halijakamilika tayari alikuwa anafundisha wauguzi, na baadaye mamia ya wakunga wakatoka mikononi mwake kwenda vijijini. Aliwekeza kwa watu kwanza.

Nataka kusaidia. Nitume nini?

Tuma pesa, usitume mizigo. Nguo za watoto zilizotumika na dawa zilizobakiza miezi miwili zinagharimu ushuru na usafiri kuliko thamani yake, na mtu fulani wodini analazimika kuacha wagonjwa azipange.

Uliza hospitali unayotaka kuisaidia maswali matatu: wakunga wenu walilipwa lini mara ya mwisho, mnafanyaje na mama asiyeweza kulipa, na umeme wenu unatoka wapi. Wakikujibu kwa tarehe na hesabu, wasaidie, na wasaidie kila mwezi hata kama ni kidogo. Dola 20 zinazokuja kila mwezi zinamwezesha mhasibu kupanga. Dola 500 zinazokuja mara moja baada ya picha kusambaa mitandaoni hazimwajiri mtu. Kama una jamaa Bukavu au Goma, kumlipia mituele ya afya ya mwaka mzima ni bora kuliko kumlipia deni la upasuaji akiwa ameshashikiliwa.

Nina mimba na huenda tukahama wakati wowote. Nijiandae vipi?

Kadi ya kliniki ikae mwilini mwako, kwenye mfuko wa plastiki, isikae kwenye begi ambalo mwingine anaweza kulibeba. Iandikwe kundi lako la damu na kama uliwahi kupasuliwa. Aliyewahi kupasuliwa asogee karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji kuanzia mwezi wa nane, hata kama ni kulala kwa shangazi.

Andaa kifurushi: sabuni, wembe mpya ambao haujafunguliwa, nyuzi safi za kufungia kitovu, glovu, karatasi ya plastiki ya kulalia, vitenge viwili vikavu, kofia ya mtoto. Kwenye kambi na vituo vya wakimbizi, UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu na afya ya uzazi, na wenzake hugawa vifurushi vya namna hii kwa wajawazito. Ulizia siku ya kwanza unapofika. Weka pembeni nauli ya motari, na ukubaliane naye mapema atakuja kwa simu ya nani.

Usingoje asubuhi ukiona mojawapo ya haya: damu yoyote kabla ya uchungu, au baada ya kujifungua damu inayolowesha kitambaa kimoja baada ya kingine, kichwa kuuma sana na macho kuona giza au nyota, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, maji kutoka bila uchungu kuanza, mtoto kuacha kucheza, uchungu kupita saa 12, kondo kutotoka baada ya nusu saa. Mweleze mwenzako wa karibu orodha hii leo, mume au dada au jirani wa hema, kwa sababu saa hiyo huenda wewe mwenyewe hutaweza kusema.